Barua ya Biashara Isiyozaa Jibu: Namna ya Kutambua Ilipokwama na Kuirekebisha

Katika mikoa ya Mtwara na Lindi, barua rasmi bado ndiyo mlango wa shughuli nyingi za biashara. Kikundi cha wabanguaji korosho cha Masasi hutafuta mnunuzi wa kudumu, mwenye mashamba ya chumvi huomba kuongezewa muda wa kulipa mkopo, mkulima wa mwani wa Kilwa huomba banda kwenye maonesho, na chama cha msingi cha ushirika hudai malipo yaliyochelewa. Wote hawa huanza kwa simu na mazungumzo ya ana kwa ana, kisha hufika mahali ambapo mtu wa upande wa pili husema, "Sawa, tuandikie barua." Barua huandikwa, hupelekwa, na baada ya hapo kimya hutawala.

Mwongozo huu unaanzia kwenye dalili ambazo mwandishi anaziona kwa macho yake, kisha unarudi nyuma kutafuta chanzo. Msingi wake ni mmoja. Anayepokea barua ya biashara hasomi ili ahurumie wala ili afurahie lugha. Anasoma ili aamue, na mara nyingi atalazimika kumweleza mkuu wake, kamati au mhasibu kwa nini ameamua hivyo. Barua inayoshawishi humkabidhi maelezo hayo yakiwa tayari. Kwa hiyo kila barua iliyoshindwa ina mahali ilipomwacha msomaji mikono mitupu, na ni lazima mahali hapo pajulikane kabla ya kuandika upya, kwa sababu anayeandika upya bila kujua kosa liko wapi huishia kurefusha kosa lilelile.

Dalili: ukienda kuulizia, hakuna anayeijua barua yako

Hapa tatizo haliko kwenye hoja zako, kwa kuwa hakuna aliyezisoma. Barua imekwama mapokezi au masjala, na chanzo chake karibu kila mara ni sura ya barua yenyewe.

Angalia kwanza mstari wa YAH, yaani "yahusu", unaobeba kichwa cha habari cha barua. Karani wa masjala hana muda wa kusoma kurasa mbili ili ajue barua inahusu nini. Huandika kwenye daftari tarehe ya kupokelewa, aliyeiandika na kichwa cha habari, halafu huiweka kwenye faili linaloendana na kichwa hicho. Barua yenye "YAH: MAOMBI" au "YAH: HUSIKA NA KICHWA" haina faili inayolingana nayo, hivyo huwekwa pembeni ikisubiri mtu mwenye nafasi ya kuisoma. Kichwa kinachofanya kazi hutaja jambo, kiasi na wakati, kwa mfano: YAH: OMBI LA KUONGEZEWA MIEZI 3 YA KULIPA MKOPO WA MASHAMBA YA CHUMVI. Mtu anayesoma mstari huo peke yake anajua barua iende kwa nani.

Pili, tazama anwani ya mwandikiwa. Iandike kwa cheo cha ofisi, si kwa jina la mtu unayemfahamu pale ndani, maana barua yenye jina la mtu humsubiri mtu huyo hata akiwa likizo au amehamishiwa wilaya nyingine. Ukitaka kumjulisha unayemfahamu, mpigie simu umwambie kwamba barua imeingia. Anwani yako mwenyewe hukaa juu upande wa kulia ikifuatiwa na tarehe, na ya mwandikiwa hufuata chini yake upande wa kushoto. Kikundi au kampuni yenye karatasi iliyochapwa kichwa cha barua huandika Kumb. Na. upande wa kushoto na tarehe upande wa kulia. Kumbukumbu namba si pambo. Ukipiga simu na kusema "barua yetu ya Kumb. Na. fulani ya tarehe fulani", huwapi mwanya wa kukujibu kwamba haijulikani.

Tatu, ulipoipeleka ulikuwa na nakala ngapi? Anayepeleka barua kwa mkono aende na nakala mbili, aache moja, na ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe kisha arudi nayo. Nakala hiyo ndiyo ushahidi wako, na inabadilisha kabisa mazungumzo ya kuulizia.

Wanaotumia baruapepe wanakumbwa na dalili hiihii kwa njia nyingine: wanapiga picha kurasa nne kwa simu na kuzituma kama viambatisho vinne vyenye majina ya tarakimu, huku nafasi ya kichwa cha ujumbe ikiwa tupu. Unganisha kurasa zote kwenye faili moja la PDF, lipe jina la jambo lenyewe, na kichwa cha ujumbe kiwe ni uleule mstari wa YAH.

Dalili: barua imerudishwa, au umeambiwa "siyo hapa"

Vyanzo ni viwili, na ni vyepesi kurekebisha. Cha kwanza ni kuruka ngazi. Kikundi cha kijijini kinachomwandikia Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri hutarajiwa kupitisha barua kwa Mtendaji wa Kijiji na Mtendaji wa Kata, na maneno "Kupitia kwa" huandikwa kati ya anwani ya mwandikiwa na salamu. Wengine huona hatua hii kama usumbufu, lakini saini na muhuri wa watendaji hao ni aina ya ushahidi: unamwambia Mkurugenzi kwamba kikundi kipo, kinajulikana na kinafanya kile kinachodai kufanya.

Cha pili ni kuomba kwa barua jambo ambalo halitolewi kwa barua. Tangu mwaka 2023 manunuzi ya umma yanafanyika kwenye mfumo wa kielektroniki wa NeST, kwa hiyo fundi seremala wa Nachingwea anayemwandikia Mkurugenzi akiomba kupewa kazi ya kutengeneza madawati, hata akiandika kwa ufasaha kiasi gani, ataelekezwa kujisajili huko. Hali kadhalika fungu la asilimia 10 la mapato ya ndani ya halmashauri limegawanywa kisheria: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ombi lisiloonyesha kikundi kiko kwenye kundi lipi haliwezi kuingizwa popote. Mwone Afisa Maendeleo ya Jamii kabla ya kuandika, siyo baada ya kukataliwa.

Dalili: imesomwa, lakini jibu ni "tutawajulisha"

Hii ndiyo dalili inayoumiza zaidi, kwa sababu wanaopata jibu hili mara nyingi wana bidhaa nzuri na wanastahili kusikilizwa. Msomaji hajakataa. Ameshindwa tu kuona afanye nini. Tazama barua hii, ambayo mfano wake huandikwa na vikundi vingi vya ukanda wetu:

"Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Sisi ni kikundi cha akina mama kilichoanzishwa kwa lengo la kujikwamua kiuchumi. Tunajishughulisha na ubanguaji wa korosho na shughuli nyingine za ujasiriamali. Tunakuomba utuunge mkono kwa kununua bidhaa zetu kwani ni bora na bei zetu ni nafuu sana. Ni matumaini yetu kuwa ombi letu litapokelewa. Tunatanguliza shukrani."

Hakuna kosa la sarufi hapo, na adabu imezingatiwa. Sasa jiweke kwenye kiti cha meneja wa hoteli iliyoko Mtwara mjini. Anatakiwa anunue nini, korosho au hizo "shughuli nyingine"? Kilo ngapi, lini, kwa bei gani? "Bora" kwa kipimo gani, na "nafuu" kuliko nani? Akitaka kukubali, hawezi kumwandikia mhasibu wake hata mstari mmoja. Hivyo anaiweka barua kando akiwa na nia njema kabisa, na nia hiyo haizai oda.

Barua hiyohiyo inaweza kuandikwa hivi. Bei na kiasi ni vya mfano tu. Weka vya kwako.

(Jina la kikundi),
S.L.P. ……,
MASASI.
Simu: ……
12 Agosti 2025

Meneja,
(Jina la hoteli),
S.L.P. ……,
MTWARA.

Ndugu Meneja,

YAH: OMBI LA KUUZA KILO 40 ZA KOROSHO ZILIZOBANGULIWA KWA MWEZI KUANZIA OKTOBA 2025

Tunaomba kuiuzia hoteli yako kilo 40 za korosho zilizobanguliwa kila mwezi, kwa bei ya Sh 32,000 kwa kilo ikiwa imefikishwa jikoni kwako, yaani Sh 1,280,000 kwa mwezi. Bei hii haitabadilika hadi 31 Machi 2026.

Ni korosho nzima za daraja la W320, zenye unyevu usiozidi asilimia 5, zilizofungwa kwenye mifuko ya kilo 1 isiyopitisha hewa. Kwa kuwa tunabangulia Masasi, mzigo utakufikia ndani ya siku 2 baada ya oda, hivyo jiko lako halitalazimika kuweka akiba ya miezi mingi ambayo huanza kupoteza ladha. Tutaleta kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, na ukiishiwa katikati ya mwezi tunaweza kuongeza hadi kilo 20.

Tunatambua kwamba hujawahi kufanya kazi nasi. Kwa sababu hiyo tumeambatanisha sampuli ya gramu 500 ili mpishi wako aionje, na tunapendekeza tuanze na oda ya majaribio ya kilo 10. Usiporidhika, tutachukua mifuko ambayo haijafunguliwa kwa gharama zetu. Malipo yatafanyika kwenye akaunti ya kikundi ndani ya siku 14 baada ya kupokea mzigo, na utapewa risiti ya EFD.

Ukikubali, tafadhali tujulishe siku ya kuleta kilo 10 za majaribio kabla ya 5 Septemba 2025, ili tuzitenge kutoka kwenye mzigo tulionao. Mweka hazina wetu atakupigia simu 25 Agosti 2025 kujibu swali lolote.

Wako katika biashara,
(Saini)
(Jina), Mwenyekiti

Viambatisho: sampuli gramu 500; nakala ya cheti cha usajili; nakala ya cheti cha namba ya mlipakodi (TIN).

Tofauti kubwa iko kwenye sentensi ya kwanza. Ombi lote limo humo, na meneja akiishia hapo tayari anajua anaombwa nini. Binafsi sioni ubaya wa "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu" katika barua ya serikalini, ambako mazoea hayo yana heshima yake, lakini katika barua ya kuuza sentensi ya kwanza ni mali adimu, na kuitumia kumwelekeza msomaji kwenye mstari aliokwisha kuusoma ni kuipoteza. Salamu ndefu za kumjulia hali na dua za afya njema ni za barua ya ndugu na rafiki. Hapa "Ndugu Meneja" inatosha.

Tofauti ya pili ni kwamba sifa zimeondolewa na vipimo vimewekwa. W320 ni daraja linalojulikana popote korosho zinapouzwa: kati ya kokwa 300 na 320 kwa ratili moja, ambayo ni takriban gramu 454, wakati W240 ni kokwa kubwa zaidi, kati ya 220 na 240 kwa ratili. Neno "bora" kila muuzaji analo. Daraja, unyevu na aina ya kifungashio ni vitu ambavyo mnunuzi anaweza kuvipima, na kitendo cha kumruhusu apime ndicho kinachomfanya aamini. Kanuni hii haiishii kwenye korosho. Muuza chumvi ataje kama ina madini joto na uzito wa kila mfuko. Mchonga vinyago ataje aina ya mti, urefu kwa sentimita na siku za kukamilisha oda. Mwenye ufuta ataje kama umepepetwa na kuchekechwa, na asilimia ya takataka iliyobaki.

Tofauti ya tatu inahitaji ujasiri kidogo. Barua ya kwanza inajenga hoja juu ya shida ya mwandishi: tujikwamue, tuungeni mkono. Ya pili inajenga hoja juu ya jiko la msomaji. Sisemi kwamba historia ya kikundi haina thamani, maana kikundi cha akina mama kilichosimama kwa miaka kadhaa bila kuvunjika ni jambo la kujivunia, na kwa mfadhili au kwa halmashauri historia hiyo inaweza kuwa ndiyo hoja yenyewe. Lakini meneja wa hoteli ana wageni wa kuwahudumia, na huruma humfanya anunue mara moja, mwezi unaofuata arudi kwa muuzaji wake wa zamani. Ukitaka anunue mwaka mzima, mpe sababu itakayokuwepo mwaka mzima.

Chanzo kingine cha "tutawajulisha" ni maombi mengi kwenye barua moja. Mwandishi anaomba oda, anaomba ufadhili wa mashine, anaomba mafunzo, na mwishoni anaomba gari la kubeba mzigo, akidhani kwamba kimojawapo kitakubalika. Kinachotokea ni kinyume chake, kwa kuwa kila ombi lina ofisi yake na barua haiwezi kwenda kwa watu wanne kwa wakati mmoja. Tenganisha. Ombi moja, barua moja.

Dalili: badala ya jibu, wanarudi na maswali

Usivunjike moyo, kwa sababu hapa umekaribia. Maswali yanaonyesha kwamba msomaji anatafuta njia ya kukubali, ila kuna shaka ambayo barua haikuigusa. Yaandike maswali hayo yote. Ndiyo ramani ya barua yako inayofuata.

Kwa wauzaji wa kusini shaka ya kwanza ya mnunuzi wa Dar es Salaam ni barabara, na ana sababu. Kutoka Mtwara ni takriban kilomita 560, na Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Lindi–Dar es Salaam katika Wilaya ya Kilwa, magari yakakwama pande zote mbili. Mwandishi anayenyamazia jambo hili akitumaini halitakumbukwa anajidanganya, kwa kuwa mnunuzi analikumbuka kuliko yeye. Litaje mwenyewe, kisha toa jibu: utaweka akiba ya mwezi mmoja kwenye ghala la Dar es Salaam kabla ya miezi ya mvua, au utakubali kupunguza bei kwa mzigo utakaochelewa zaidi ya siku kadhaa mlizokubaliana. Shaka iliyojibiwa na muuzaji mwenyewe hugeuka kuwa sababu ya kumwamini.

Shaka ya pili ni mwendelezo wa mzigo. Watu wa mbali wanajua korosho zina msimu, hivyo huuliza utafanyaje nje ya msimu. Eleza unavyohifadhi korosho ghafi, kwa kiasi gani, na hadi mwezi upi unaweza kuhudumia oda bila kupungua. Kama huwezi kuhudumia mwaka mzima, sema ukweli na uombe oda ya miezi unayoweza, kwa sababu ahadi inayovunjwa Mei huua jina lililojengwa tangu Oktoba.

Shaka nyingine ni za kiofisi na hujibiwa kwa mstari mmoja kila moja: risiti, TIN, akaunti ya kikundi badala ya namba ya simu ya mtu binafsi, na muda ambao bei itabaki ilivyo.

Dalili: benki au chama cha akiba na mikopo kimekataa

Ombi la mkopo lina msomaji wa aina yake. Afisa mikopo anayepokea barua hatoi uamuzi peke yake. Ataipeleka kwenye kamati, na atatakiwa kuitetea. Soma barua yako ukiwa na swali moja: je, mtu anayenipenda angeweza kuitetea kwa karatasi hii tu?

Mara nyingi asingeweza, kwa sababu barua inataja kiasi kinachoombwa na kunyamaza kuhusu kitakavyorudi. "Tunaomba mkopo wa shilingi milioni 10 ili kukuza mtaji" ni sentensi isiyo na kitu cha kutetea. Taja fedha itanunua nini hasa, kilo ngapi kwa bei ipi, zitauzwa kwa nani, na marejesho yataanza mwezi gani. Kama una barua ya oda kutoka kwa mnunuzi, iambatanishe. Hiyo peke yake ina uzito kuliko aya tatu za maelezo.

Chanzo cha pili ni wakati, na hapa watu wa kusini tunajiumiza bila sababu. Kwa kawaida minada ya korosho ghafi huanza Oktoba, na dawa ya salfa hupulizwa mikorosho inapochipua na kuchanua, kuanzia takriban Juni, ili kuzuia ugonjwa wa ubwiri unga. Ombi la mkopo wa salfa linaloandikwa Agosti litajadiliwa wakati ugonjwa umeshakula maua, na afisa mikopo aliyekaa Newala au Tandahimba kwa misimu miwili analijua hilo vizuri. Ataona kwamba fedha itatoka baada ya hitaji kupita, na mkopo wa namna hiyo hurudi kwa tabu. Andika miezi mitatu kabla. Kwa halmashauri hesabu kwa kalenda ya Serikali: mwaka wa fedha huanza 1 Julai na kuishia 30 Juni, na bajeti hupangwa miezi kadhaa kabla, kwa hiyo ombi linaloingia Mei likihitaji fedha ya Juni limechelewa hata kama kila mtu analikubali.

Chanzo cha tatu ni saini. Barua ya kikundi yenye saini ya mtu mmoja bila muhtasari wa kikao humfanya mkopeshaji ajiulize kama wanachama wengine wanajua. Mwenyekiti na katibu wasaini wote wawili, na muhtasari unaoonyesha wanachama walivyoamua kukopa, ukiwa na majina na saini zao, uambatanishwe.

Dalili: barua ya kudai imezua ugomvi, au imenyamaziwa

Deni linauma, na anayeandika akiwa na maumivu huandika yote: lini waliahidi, nani alikata simu, jinsi watoto walivyokosa ada. Msomaji wa upande wa pili akikuta anaitwa tapeli kwenye aya ya kwanza, hoja ya deni inaisha pale, na inaanza hoja ya heshima, ambayo haina mwisho. Tena barua hiyo huenda ikasomwa na mhasibu mpya ambaye hakuhusika na lolote, na ambaye angeweza kulipa siku ileile kama angeonyeshwa ankara.

Kwa hiyo barua ya kudai ijengwe juu ya karatasi, si juu ya hisia. "Tunadai Sh 2,400,000 kwa mzigo wa kilo 80 mlioupokea 3 Machi 2025 kwa hati ya makabidhiano iliyosainiwa na mtunza stoo wenu. Ankara Na. 014 ilitakiwa kulipwa ifikapo 17 Machi 2025. Nakala za ankara na hati hiyo zimeambatanishwa." Baada ya hapo toa njia: walipe yote ifikapo tarehe fulani, au wapendekeze kwa maandishi malipo ya awamu mbili. Halafu taja hatua itakayofuata wasipofanya hivyo, mradi iwe ni hatua ambayo kweli utaichukua, kama kusimamisha mzigo unaofuata. Tishio lisilotekelezwa humfundisha mdaiwa kwamba barua zako zinaweza kungoja.

Mtu akipenda kuimwaga hasira, aimwage kwenye karatasi nyingine na asiitume. Barua ya kudai ilale usiku mmoja kabla ya kusainiwa.

Dalili: wamekubali, lakini si ulichoomba

Uliomba oda ya miezi sita, wamekuletea ya mwezi mmoja. Uliomba kulipwa ndani ya siku 14, wameandika 60. Chanzo huwa ni sentensi laini kama "kwa utaratibu mtakaoona unafaa", ambayo mwandishi aliiweka kwa adabu na msomaji akaichukua kama ruhusa. Adabu ikae kwenye salamu na kwenye shukrani. Masharti yaandikwe kwa tarakimu. Jibu lao usilipokee kimyakimya. Siku hiyohiyo andika barua fupi ya kushukuru inayorudia mnachokubaliana, na kwa kile msichokubaliana taja kiwango cha mwisho unachoweza: "Tunaweza kusubiri siku 30, zaidi ya hapo tutashindwa kununua korosho ghafi za oda yako inayofuata."

Ufuatiliaji

Ikiwa umerekebisha yote na bado kimya kinaendelea, fuatilia kwa utaratibu. Piga simu tarehe ileile uliyoitaja kwenye barua, si kabla na si baada, ukiwa na nakala yenye muhuri mkononi, na uulize barua iko kwenye dawati la nani badala ya kuuliza "imefikia wapi". Ukipewa cheo cha mtu, omba kuongea naye na umuulize ni taarifa gani anayoikosa. Wiki mbili baadaye andika barua ya kukumbushia isiyozidi nusu ukurasa, yenye kumbukumbu namba na tarehe ya barua ya kwanza, na ambatanisha nakala yake ili asilazimike kuitafuta. Hiyo nayo isipojibiwa, ombi lako lipeleke kwa mnunuzi mwingine, ukibadilisha aya inayohusu jiko lake, duka lake au kiwanda chake, maana aya hiyo ndiyo pekee isiyoweza kunakiliwa kutoka barua moja hadi nyingine.